Mrithi wa Kumi na Moja

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza letu mjini Mombasa ilikuwa hii: kwamba waliokwisha kuingia katika mashindano wana haki ya kumzuia mwingine asiingie, hata kama ametimiza kila sharti lililoandikwa, na kisa kilichochaguliwa kuipima hoja hiyo kilikuwa kisa cha Michael Andretti, Mmarekani, aliyebisha hodi katika mlango wa mbio za langalanga, ambazo ulimwengu huziita Formula 1, tangu mwaka 2021 hata mwaka 2024, akafunguliwa na mmoja na kufungiwa na mwingine, na mlango ulipofunguka mwishoni, timu aliyoiasisi ikapita nalo jina lake likabaki nje.

Mimi niliwekwa kuwa mwenyekiti, si kwa ujuzi wangu wa magari, ambao ni haba, bali kwa sababu kila upande ulidhani nauelemea. Wasemaji walikuwa watatu. Wakili, bibi mwenye ulimi mwepesi na subira ndogo, alisimama kuipinga hoja. Mhasibu, mtu ambaye husoma tarakimu kama wengine wasomavyo mashairi, alisimama kuitetea. Na Fundi, mzee aliyeumalizia ujana wake chini ya magari ya Safari Rally, alikataa kukaa upande wowote, akasema atakwenda pale ukweli utakapompeleka, jambo ambalo katika mijadala huwaletea wenyeviti taabu kubwa.

Kabla ya kuwapisha yapasa kisa chenyewe kielezwe, kwani wengi waliokuwapo walikuwa na habari zake nusu nusu. Baba wa Michael, Mario Andretti, alizaliwa mwaka 1940 huko Montona, katika rasi ya Istria iliyokuwa chini ya Italia wakati ule, na vita vilipoipindua mipaka akaishi na wazazi wake katika kambi ya wakimbizi mjini Lucca hata mwaka 1955, walipovuka bahari kwenda Marekani. Huko akawa dereva ambaye mfano wake ni adimu: alishinda Daytona 500 mwaka 1967, Indianapolis 500 mwaka 1969, na ubingwa wa dunia wa langalanga mwaka 1978 akiwa na timu ya Lotus, na tangu mwaka huo hajatokea Mmarekani mwingine aliyeutwaa, na ushindi wake wa kwanza kabisa katika langalanga aliupata katika bara letu hili, Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1971, akiwa ndani ya Ferrari. Mwanawe Michael alikuwa bingwa wa mbio za IndyCar mwaka 1991, akaja Ulaya mwaka 1993 kuendesha McLaren sambamba na Ayrton Senna, akapata taabu tupu, akaondoka kabla ya msimu kwisha, mara tu baada ya kushika nafasi ya tatu Monza. Aliporudi kwao hatimaye akaacha usukani akawa mwenye timu, na timu yake ikashinda Indianapolis 500 mara tano.

Mwaka 2021 alijaribu kuinunua timu ya Sauber ya Uswisi, mazungumzo yakavunjika juu ya suala la nani atakuwa na amri. Februari 2022 ikajulikana kwamba ameliomba Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ruhusa ya kuunda timu mpya. Januari 2023 kampuni ya General Motors, kwa jina la Cadillac, ikaungana naye. Mwezi uliofuata FIA ikafungua rasmi njia ya maombi. Na tarehe 2 Oktoba 2023, baada ya kuwachuja waombaji, ikatangaza kwamba ni Andretti peke yake aliyetimiza masharti. Lakini idhini ya FIA ilikuwa nusu ya idhini. Nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa wenye haki za biashara ya mashindano, yaani kampuni ya Formula 1 iliyo mali ya Liberty Media ya Marekani, nao tarehe 31 Januari 2024 wakasema hapana.

Wakili alipewa nafasi ya kwanza, naye hakupoteza muda katika salamu.

WAKILI: Bwana Mwenyekiti, nitauliza swali moja tu, kisha nitalizunguka mpaka lijibike. Mtu akiambiwa, hapa pana masharti, yatimize uingie, naye akayatimiza, na aliyeyaandika masharti akashuhudia kwamba yametimia, ni nani tena mwenye haki ya kumrudisha? Shirikisho lilimpima kwa ufundi wake, kwa mtaji wake na kwa uzoefu wa watu wake. Kisha akapelekwa mbele ya hakimu wa pili, ambaye si hakimu bali ni mfanyabiashara, na kipimo chake kilikuwa swali jingine kabisa: sisi tutapata nini kwako? Jibu lao ninalo. Walisema timu ya 11 kwa kuwapo kwake tu haiongezi thamani. Walisema mgeni huyu hatakuwa mshindani wa kweli. Walisema timu kulazimika kutumia injini ya wengine kwa misimu kadhaa kungeyashushia mashindano hadhi. Tena wakasema, bila ya haya, kwamba uchunguzi wao umewaonyesha kuwa langalanga ndiyo itakayolinufaisha jina la Andretti, wala si jina la Andretti litakaloinufaisha langalanga. Haya yaliandikwa juu ya jina la bingwa wa dunia! Na mniambie, mwaka 2001, Kamisheni ya Ulaya ilipoitaka FIA ijitenge na biashara ya mchezo, nayo FIA ikaridhia, kusudi lilikuwa nini kama si kwamba mwenye kuhukumu asiwe mwenye kuvuna? Leo tumeigeuza kanuni miguu juu: mwenye kuvuna ndiye anayehukumu.

Makofi yalipigwa, na Mhasibu akayangoja yaishe yote, akipanga karatasi zake kwa utulivu ambao nakiri uliniudhi kidogo.

MHASIBU: Bibi Wakili amejaaliwa ufasaha, mimi nimejaaliwa hesabu. Langalanga ni shirika la watu waliokwisha kutia mali zao. Mwaka 2023 timu kumi ziligawana malipo ya dola milioni 1,215 kutoka kwa wenye haki za biashara. Mafungu hayalingani, kwani aliye juu hupata zaidi ya aliye chini, na Ferrari ina fungu lake la heshima. Lakini kwa wastani kila timu ilipata dola milioni 121 na nusu. Gawanya fedha zile zile kwa 11, na wastani unashuka hata milioni 110 na kitu. Kila mwenyeji anapoteza dola milioni 11 kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena, na kosa lake ni lipi? Mkataba wa Concorde, ambao ndio mkataba baina ya FIA, timu na wenye haki za biashara, ulioanza kutumika mwaka 2021, uliliona jambo hilo, ukaweka kwamba mgeni atoe dola milioni 200 zigawanywe kwa wenyeji, yaani milioni 20 kwa kila mmoja. Hiyo ni fidia ya pengo lisilofika hata miaka miwili. Tena kiwango hicho kilitiwa sahihi katikati ya maradhi ya korona, Agosti 2020, mwezi ule ule ambao familia ya Williams iliuza timu iliyobeba jina lake kwa kukosa fedha. Ni bei ya wakati wa dhiki, na Andretti alitaka kuilipa katika wakati wa neema. Mimi naiona kadhia hii kuwa ni ya mirathi. Watu kumi wamekaa kugawana, anabisha hodi wa kumi na moja, anasema, nami nihesabuni. Si dhambi kumwuliza amekuja na nini.

WAKILI: Mirathi haigawanywi na warithi, Bwana Mhasibu. Hugawanywa na kadhi, na sijapata kumsikia kadhi anayewauliza warithi kumi kama wangependa awepo wa kumi na moja. Huwauliza mashahidi. Na kadhi wa kisa hiki, ambaye ni Shirikisho, alikwisha kuwasikiliza mashahidi, akatoa hukumu.

FUNDI: Nami nauliza, marehemu ni nani?

Baraza lilicheka, na mimi nikagonga meza, maana nilidhani mzee ameanza mzaha wake; lakini Fundi alikuwa amekwisha kusimama, na uso wake haukuwa na kicheko.

FUNDI: Sifanyi mzaha, wanangu. Penye mirathi pana kaburi, na langalanga ina makaburi mengi kuliko nyumba. Mwaka 1989 mlango ulikuwa wazi kama Bibi Wakili anavyoutaka. Zilikuja timu 20 na magari 39, ilhali nafasi za kuanza mbio zilikuwa 26. Basi Ijumaa asubuhi na mapema, watazamaji wangali majumbani mwao, magari 13 yalitolewa uwanjani kugombea nafasi nne, si nafasi za kushindana, bali za kuruhusiwa tu kujaribu kufuzu. Na yale tisa yaliyosalia yakafungwa kwenye malori kabla jua halijapanda sawasawa. Mwaka uliofuata ikaja timu ya Kiitaliano iitwayo Life, na injini ya silinda 12 zilizopangwa safu tatu, kitu cha kupendeza ukikitazama mezani, lakini haikuuvuka mchujo ule hata mara moja. Watu walikopa, watu waliuza walivyonavyo, ili wafike Ijumaa asubuhi.

Halafu mwaka 2010. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, aliwaita wageni kwa ahadi kwamba matumizi ya timu yatawekewa kikomo cha pauni milioni 40 kwa mwaka. Kikomo hakikuja, wageni wakaja. USF1 ya Marekani ilipewa nafasi ikashindwa hata kumaliza kuliunda gari. HRT ya Uhispania ilifika Bahrain magari yakiwa yangali yanafungwa boliti, na Karun Chandhok, kijana wa India, mizunguko yake ya kwanza ndani ya gari lile aliizungusha katika saa ya kufuzu kwenyewe. Mimi nimewahi kulala chini ya gari usiku kucha Nanyuki, kwa hiyo najua maana ya gari kutoka gereji moja kwa moja kwenda mashindanoni. Lakini kwenda mwendo ule, na dereva hajaonja breki! HRT ilikwisha mwaka 2012. Caterham ikafuata mwaka 2014. Marussia, iliyogeuka jina ikawa Manor, ilidumu kuliko wenziwe: mwaka 2014, Monaco, Jules Bianchi aliiletea nafasi ya tisa na pointi mbili, za kwanza katika uhai wake, mwezi Oktoba akaumia Suzuka, na Julai 2015 akafariki. Mwaka 2016 Manor ilikuwa ya kumi, na malipo makubwa yalikuwa ya kumi wa kwanza, mpaka katika mbio za Brazili, zikiwa zimebaki mbio moja tu msimu uishe, Felipe Nasr wa Sauber akapita katika mvua akashika nafasi ya tisa. Pointi mbili za Nasr ziliishusha Manor hata nafasi ya 11, na Januari 2017 ikafilisika. Kwa hiyo, mwanangu Wakili, mtu akisema kwamba atazame kwanza kama mgeni ana miguu ya kusimama, mimi simwiti mwovu.

Nilimtazama Mhasibu, nikamwona anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Hakuifurahia muda mrefu.

WAKILI: Ami, umenisaidia mimi kuliko ulivyomsaidia yeye. Manor iliuawa na nini? Haikuuawa na mlango uliofunguliwa. Iliuawa na ugawaji uliompa wa kumi mamilioni na wa kumi na moja makombo, na ugawaji huo haukuandikwa na wageni. Kwanza wamemwandikia mgeni sharti la kufa, kisha wanamwonyesha makaburi wakisema, twakuhurumia, usiingie. Na kikomo cha matumizi ambacho hakikuja mwaka 2010 kimekuja mwaka 2021, dola milioni 145, kikapunguzwa baadaye. Hoja ya kwamba mgeni atamezwa na matajiri imepungua nguvu katika wakati ule ule ambao mlango umezidi kukazwa. Wanasema injini ya kuazima ni aibu. Haas waliingia mwaka 2016 na injini ya Ferrari, na katika mbio zao za kwanza, Australia, wakashika nafasi ya sita. McLaren wametwaa ubingwa wa timu mwaka 2024 kwa injini za Mercedes. Na hao Mercedes wenyewe! Timu yao ilinunuliwa na Ross Brawn kutoka kwa Honda mwaka 2009 kwa pauni moja, ikawa bingwa mwaka ule ule, kisha wakaichukua wao. Leo thamani yake huhesabiwa kwa mabilioni. Sisemi walikosea kupata bahati. Nasema bahati haikuwapa haki ya ukadhi.

MHASIBU: Mercedes hawakuwa makadhi. Tangazo la Januari 2024 lilisema wazi kwamba timu zilizomo hazikuulizwa.

WAKILI: Lilisema pia kwamba, pamoja na kutoziuliza, walizingatia taathira ya mgeni kwa wote wenye maslahi ya kibiashara. Hawakuhitaji kuwauliza. Mtu akijua njaa ya nduguye ana haja gani ya kumwuliza?

Hapo ilinibidi nimkumbushe Wakili kwamba aliye na nafasi ya kusema ni Mhasibu, naye Mhasibu akaitumia vizuri, kwani aliziacha fedha kando akaingia katika upande ambao sikumtarajia, upande wa ufundi. Alisema kwamba katika tangazo lile limo jambo moja ambalo wapenzi wa Andretti hulipita mbio: mwombaji alitaka kuanza mwaka 2025, ilhali kanuni za magari na injini zilikuwa zibadilike kabisa mwaka 2026, maana yake ni kwamba mtu asiyepata kuunda gari la langalanga hata moja alikusudia kuunda mawili yasiyofanana katika miaka miwili ya kwanza, na kwamba wenye haki waliona katika azma hiyo dalili ya kutoujua uzito wa kazi. Tena, akasema, hawakufunga daima. Walitamka kwamba maombi ya mwaka 2028, yenye injini ya General Motors yenyewe, wangeyatazama kwa jicho jingine.

Wakili alijibu kwamba mwombaji alitaka kuanza mapema kuliko hapo, na kwamba aliyemchelewesha kwa mwaka mzima na zaidi asimlaumu kwa kufika wakati mbaya. Naliona hilo kuwa jibu zuri, ingawa haliondoi uzito wa hoja. Mwombaji awe amecheleweshwa au hakucheleweshwa, magari mawili ni magari mawili. Na kwa kuwa tunazungumza juu ya insafu, niiseme na habari ya barua ya mwaliko. Formula 1 walisema kwamba Desemba 2023 walimwalika Andretti kuja kuzungumza nao uso kwa uso, naye hakuitikia. Upande wake ukajibu kwamba ujumbe ule uliangukia katika kapu la barua taka, na haukuonekana. Mambo ya mamia ya mamilioni, na mkutano wenyewe unategemea barua ambayo mashine imeidhania ya matapeli! Pande zote mbili zilikuwa na simu.

Fundi aliomba tena nafasi. Nilimpa, nikijua kwamba atakwenda Safari Rally, na kweli akaenda.

FUNDI: Safari ilipoanza mwaka 1953, gari lilikuwa gari la dukani. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant waliingia na Volvo iliyokwisha kutumika, gari ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa la timu ya kiwanda, kiwanda kikaliuza. Wao wakalinunua, wakalifunga upya, wakawashinda wenye viwanda. Hapakuwa na mtu aliyewauliza kama jina la Singh litaiongezea Safari thamani. Waliulizwa kama breki zinashika na kama ada imelipwa. Mimi mashindano nayajua hivyo.

MHASIBU: Na Safari iliwalipa nini kwa kuingia tu, Mzee Fundi?

FUNDI: Kwa kuingia? Vumbi.

MHASIBU: Basi hapo ndipo tofauti ilipo, na naomba Bwana Mwenyekiti aiandike. Aliyeingia Safari hakumpunguzia mwenziwe kitu, kwani kushiriki kwenyewe hakukuwa na fungu; waliokuwa na cha kugombea walikuwa washindi. Katika langalanga ya leo kushiriki ni mali. Timu ina hisa katika mapato hata ikiwa ya mwisho. Timu inauzika kwa sababu nafasi yenyewe ina bei, na nafasi ina bei kwa sababu haipatikani. Ukiufungua mlango kama wa Safari, unaiharibu rasilimali ya kila aliyemo, na ukiiharibu, yatarudi mambo ya Manor. Wamechagua uhaba kwa sababu uhaba ndio uliowaokoa.

Kwa maoni yangu, nami niliyatamka hapo hapo, hiki ndicho kiini cha kadhia, na Mhasibu alikifikia akidhani anajitetea, ilhali alikuwa anaitoa siri ya nyumba. Kwani maadamu nafasi ni mali, anayeomba nafasi hapimwi kwa mwendo wa gari lake hata mara moja. Hupimwa kwa atakachowapunguzia waliomo na atakachowaongezea, na maneno ya ushindani, ya hadhi na ya uzoefu huja baadaye kuivika hesabu hiyo nguo za heshima. Sisemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Nasema hayakuwa ndiyo yaliyoamua, na ithibati ninaiona katika yaliyofuata, ambayo nilimwomba Wakili ayasimulie.

WAKILI: Waliambiwa hapana, nao wakajenga. Aprili 2024 wakafungua karakana Silverstone, Uingereza, kana kwamba wamekwisha kukubaliwa. Mwezi Mei, Mario, mzee wa miaka 84, akasimama mbele ya jengo la Bunge la Marekani pamoja na wabunge walioiandikia Liberty Media kuuliza kama kampuni ya Kimarekani imelizuia gari la Kimarekani kwa ajili ya kuwalinda wenye viwanda vya Ulaya. Agosti, Liberty Media yenyewe ikawaarifu wawekezaji wake kwamba Wizara ya Sheria inalichunguza jambo hilo. Kisha Michael akajitenga na uongozi wa kila siku, mshirika wake Dan Towriss akashika hatamu. Na tarehe 25 Novemba 2024, hata miezi kumi haijatimia tangu lile hapana, Formula 1 ikatangaza kwamba imekubaliana kimsingi na General Motors kuleta timu ya 11 mwaka 2026, kwa jina la Cadillac. Machi 2025 ikathibitishwa. Karakana ni ile ile. Injini ya kuanzia ni ya Ferrari, yaani ile ile aibu ya kuazima, mpaka General Motors itakapoleta yake. Ada iliyotajwa na wanahabari si milioni 200 tena, ni milioni 450. Kilichoondoka ni nini? Jina moja.

MHASIBU: Na kilichoongezeka ni nini? Mwanzoni General Motors ilikuwa mshirika wa Andretti. Mwishoni ni mmojawapo wa wenye timu, imejifunga kuunda injini. Hiyo si nguo, Bwana Mwenyekiti. Hicho ni kiwanda. Na milioni 450 kwa kumi ni milioni 45 kwa kila timu, fidia ya miaka minne kwa hesabu yangu ya awali. Mambo mawili niliyoyasema tangu mwanzo, mgeni alete kitu na mgeni afidie, yote mawili yametimizwa. Mimi sioni kilio kiko wapi.

FUNDI: Mimi nakiona. Mario wamempa kiti katika bodi, ni heshima yake. Lakini mwenye wazo hayumo. Hata hivyo niseme pia lililonifurahisha, msidhani nimekuja hapa kuomboleza tu. Timu hii wamempa nani aiongoze? Graeme Lowdon, yule yule aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Marussia na Manor. Mtu aliyekwisha kuihangaikia timu ndogo amepewa kuilea kubwa. Na madereva wao, Sergio Pérez na Valtteri Bottas, ni watu waliokwisha kushinda mbio wakaachwa na timu zao. Ningekuwa mimi, ningewachagua hao hao; gari jipya lataka mtu anayejua kusema linaumwa wapi.

Ilikuwa imekwisha kuwa usiku, na vijana waliokuja kusikiliza habari za mwendo kasi walikuwa wanasinzia kwa kusikiliza habari za mafungu. Nikamwuliza Wakili kama ana neno la kumalizia.

WAKILI: Sina neno, nina swali kwa Bwana Mhasibu. Kanuni za FIA zinaruhusu magari 26. Kwa Cadillac yanakuwa 22. Bado pana nafasi ya timu nyingine zaidi ya moja. Kesho akija wa kumi na mbili, na mtaji wake na karakana yake na kibali cha Shirikisho mkononi, atawakuta akina nani mlangoni?

MHASIBU: Wale wale.

WAKILI: Na Cadillac?

MHASIBU: Cadillac itakuwa miongoni mwao. Imelipa milioni 450, Bibi Wakili. Ulitaka iseme nini?

Wakili alidai kura ipigwe hapo hapo. Mhasibu akauliza kwanza ni nani wenye haki ya kupiga kura, waliokuwapo tangu hoja ilipowekwa au na hawa walioingia katikati, maana watu wapatao kumi walikuwa wameongezeka mlangoni baada ya sala. Nami, nikiona kwamba jambo hilo halimo katika kanuni zetu na kwamba Fundi amekwisha kuvaa viatu vyake, nikaliahirisha baraza bila ya kura.